Jinsi ya Kuchangisha Mtaji Mtandaoni: Mwongozo kwa Mjasiriamali Anayeanza

Maswali kuhusu kuchangisha mtaji mtandaoni huwa ni yaleyale. Nikiweka wazo langu kwenye jukwaa, watu wasionijua watachanga? Jukwaa lipi hutoa hela haraka? Hizo hela zinarudishwa? Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, nimeyapanga yote hapa kwa kufuata kazi yenyewe, tangu unapopata wazo hadi mchangiaji wa mwisho anapopokea mzigo wake.

Swali la kwanza nalijibu sasa hivi, maana ndilo linaloangusha wengi. Hapana, hawatachanga, angalau si mwanzoni. Jukwaa linakupa ukurasa, njia ya kupokea malipo na kanuni za kufuata. Watu wa mwanzo unakuja nao wewe. Wageni hujitokeza baadaye, wakishaona wenzao wameingia. Kickstarter, jukwaa la kuchangisha lililoanza mwaka 2009, huweka takwimu zake hadharani: katika kila kampeni 10, takriban 4 tu ndizo hufikia lengo, lakini nyingi kati ya zile zinazovuka asilimia 20 ya lengo hufika mwisho. Kiva, jukwaa la mikopo midogo lililoanza mwaka 2005, imelifanya jambo hilo kuwa sharti. Mjasiriamali wa Marekani anayeomba mkopo wa moja kwa moja kwao lazima kwanza apate wakopeshaji kutoka kwa watu wake mwenyewe, ndipo ombi lake lifunguliwe kwa umma.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Sampuli inayofanya kazi. Mchoro wa kompyuta hautoshi. Tangu mwaka 2012 Kickstarter hairuhusu miradi ya vifaa kuonyesha picha za kompyuta zilizotengenezwa zifanane na kitu halisi. Wanataka waone kifaa chenyewe kilivyo leo.
- Bei ya mtengenezaji kwa maandishi, pamoja na kiwango cha chini cha oda anachokubali. "Tutaelewana" si bei.
- Orodha ya watu: namba za simu, barua pepe, wateja wa zamani. Andika majina kabisa. Wafuasi wa mitandao ya kijamii wahesabu kwa uangalifu sana, maana kubonyeza alama ya kupenda hakumgharimu mtu chochote.
- Akaunti ya benki na kitambulisho vinavyokubaliwa na jukwaa unalolitaka.
- Hela kidogo ya kuanzia, kwa ajili ya sampuli, picha na video. Kampeni isiyo na senti hata moja nyuma yake haifiki mbali.
- Muda. Tenga miezi mitatu ya maandalizi, mwezi mmoja wa kampeni, kisha miezi ya kutengeneza na kutuma. Kama una ajira, tafuta mtu wa kukusaidia katika ule mwezi wa kampeni.

Hatua ya 1: Amua unachomrudishia mchangiaji

Njia ziko nne, na kila moja ina deni la aina yake.

Kwanza, msaada mtupu: mtu anatoa na hapati kitu. GoFundMe inajulikana zaidi kwa njia hii. Inafaa matatizo ya kibinadamu na miradi ya jamii, lakini biashara ya kuleta faida haipati huruma hiyo kirahisi.

Pili, zawadi: mtu anachanga leo, unamletea bidhaa ukishaitengeneza. Kickstarter na Indiegogo zimejengwa juu ya njia hii. Kwa anayeanza na bidhaa ya kushikika mkononi, mimi humshauri aanzie hapa.

Tatu, mkopo: watu wengi wanakukopesha kidogokidogo, nawe unalipa kwa awamu, pamoja na riba au bila riba kutegemea jukwaa. Inafaa biashara ambayo tayari inaingiza hela kila wiki. Kama bado huuzi, usiguse.

Nne, hisa: mchangiaji anakuwa mmiliki mwenzako. Hapa unaingia kwenye sheria za masoko ya mitaji, na nimeiwekea sehemu yake hapa chini.

Kosa la kawaida ni kuchanganya njia ya pili na ya nne, kwa upande wako au kwa upande wa wachangiaji. Mwaka 2012 kampuni ya Oculus ilichangisha dola milioni 2.4 kwenye Kickstarter kwa ajili ya miwani ya uhalisia pepe. Mwaka 2014 Facebook ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 2. Wachangiaji wengi walikuja juu wakitaka kujua fungu lao liko wapi. Halikuwepo, kwa sababu walichonunua ni kifaa, hawakununua hisa. Kwa hiyo andika kwenye ukurasa wako, kwa lugha ambayo hata asiye mfanyabiashara ataielewa: "Ukichanga unapata bidhaa hii. Hupati umiliki wa kampuni."

Hatua ya 2: Chagua jukwaa

Usianze kwa kuuliza lipi ni maarufu. Uliza haya, kwa mpangilio huu.

Linakubali watu wa nchi yako? Majukwaa makubwa yana orodha ya nchi ambazo mwenye kampeni lazima awe mkazi wake na awe na akaunti ya benki huko. Soma orodha hiyo kabla hujapoteza wiki mbili kuandika ukurasa. Na usitumie jina la binamu aliye ng'ambo kufungua kampeni ambayo si yake. Kisheria hela zinaingia kwake, kodi inamfuata yeye, na mkikosana huna pa kushika.

Usipofikia lengo inakuwaje? Kickstarter ni yote au hakuna: usipofika, kadi ya mchangiaji haikatwi hata senti. Kuna majukwaa mengine yanayokuruhusu kuchukua chochote kilichopatikana. Wanaoanza hupenda hii ya pili kwa sababu inaonekana salama. Kwa bidhaa inayohitaji oda ya kiwandani, naiona ya hatari zaidi. Ukibaki na theluthi ya hela, umebaki pia na wadai wanaosubiri bidhaa ambayo huwezi kuitengeneza.

Makato ni kiasi gani? Kickstarter hukata asilimia 5 ya kampeni iliyofaulu, juu yake ada ya malipo ya takriban asilimia 3 na senti 20 kwa kila mchango. Majukwaa mengine yana viwango vyao, kwa hiyo soma ukurasa wa ada hadi mwisho, pamoja na maandishi madogo.

Hela zinafika lini? Kwenye Kickstarter, karibu siku 14 baada ya kampeni kufungwa. Usimwahidi fundi malipo ya kesho yake.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya lengo

Hapa ndipo nawasihi watu watulie. Chukua karatasi. Tuseme unatengeneza begi la mgongoni, na mchango wa kupata begi moja ni dola 60, usafirishaji ukiwa ndani yake. Kiwanda hakipokei oda iliyo chini ya mabegi 300.

Kwa begi moja:

- kiwanda: dola 26
- vifungashio: dola 2
- usafirishaji kwa wastani: dola 11
- makato ya jukwaa, asilimia 5: dola 3
- ada ya malipo: dola 2

Jumla ni dola 44. Zinabaki 16. Kwa mabegi 300, hiyo ni dola 4,800.

Sasa toa gharama ambazo hazitegemei idadi: sampuli na vipimo vya kukatia dola 1,500, picha na video dola 700, upimaji wa ubora dola 600. Toa pia akiba ya mabegi yatakayoharibika au kurudishwa, na malipo yatakayokataliwa: asilimia 5 ya makusanyo yote, yaani dola 900. Mkononi unabaki na dola 1,100, na kodi bado hujalipa.

Kwa hiyo lengo lako ni 300 mara 60: dola 18,000.

Anayeanza huangalia bili ya kiwanda pekee, 300 mara 26, akaandika lengo la dola 7,800 ili lionekane dogo na lifikike. Tazama kinachofuata. Wachangiaji 130 wanalifikisha. Jukwaa na malipo vinakata dola 5 kwa kila mmoja, zinabaki 7,150. Kiwanda kinadai 7,800 kwa sababu hakishuki chini ya mabegi 300. Huna hela ya kumalizia oda, na bado hujafungasha wala kutuma begi hata moja. Ukurasa unasema kampeni imefaulu huku wewe una deni kwa watu 130.

Tahadhari mbili. Usafirishaji uulizie bei kwa uzito na vipimo halisi vya boksi, kwa kila eneo unalokubali kutuma. Nafuu uanze na maeneo machache. Na kodi: sehemu nyingi mchango unaoambatana na bidhaa huhesabiwa kama mauzo, si zawadi. Muulize mhasibu kabla ya kuanza, maana baada ya kampeni ataweza tu kukwambia unadaiwa kiasi gani.

Hatua ya 4: Kusanya watu kabla ya siku ya kufungua

Ukiniuliza kazi kubwa iko wapi, ni hapa. Lenga kupata asilimia 30 ya lengo ndani ya siku mbili za kwanza. Kwa mfano wetu ni dola 5,400, yaani watu 90.

Hao 90 watoke wapi? Tuseme 40 ni watu unaowajua kwa majina: ndugu, wafanyakazi wenzako wa zamani, wateja. Kati ya wanaosema "nipo nawe" kadiria kwamba nusu ndio watakaolipa kweli, kwa hiyo unahitaji ahadi 80. Waliobaki 50 watoke kwenye orodha ya barua pepe. Mimi hukadiria kwamba watu 5 katika kila 100 walioandikisha anwani zao ndio watakaonunua, na hapo sijifurahishi. Unahitaji anwani 1,000.

Anwani zinakusanywa kwa ukurasa mmoja mwepesi: picha ya bidhaa, sentensi mbili, na sehemu ya kuandika barua pepe. Mpe mtu sababu ya kujiandikisha, kwa mfano bei ya chini kwa watakaochanga siku ya kwanza. Usinunue orodha ya anwani. Hao hawakujui, na barua zako zitaishia kwenye taka.

Wale 80 wa ahadi wafuate mmoja mmoja, kwa simu au ujumbe wa kwake peke yake. Ujumbe wenyewe uwe hivi:

"Habari za siku nyingi, dada. Lile begi nililokuonyesha sasa limekamilika. Jumanne tarehe 6, saa tatu asubuhi, nafungua kampeni ya kupata oda ya kwanza. Nataka watu 40 wachange asubuhi hiyohiyo ili wageni wakija wasikute ukurasa mtupu. Mchango ni dola 60, na begi linakuja kwako. Nikuhesabu?"

Una siku, saa, kiasi, sababu ya haraka, na swali linalojibiwa kwa ndiyo au hapana. Ujumbe wa "naomba sapoti yenu wapendwa" unaotupwa kwenye makundi yote kwa mpigo hujibiwa kwa alama za makofi, na makofi hayaingii benki.

Usiwe na haya kuwaanza ndugu na marafiki. Unawauzia kitu, huwaombi sadaka. Na kama watu wanaokupenda hawaoni sababu ya kutoa dola 60 kwa bidhaa hiyo, ni afadhali ulijue sasa. Usikatae pia kumsikiliza anayekuambia bei ni kubwa. Huyo amekufanyia utafiti wa soko bure.

Ukifika wiki ya mwisho na ahadi hazijatimia, ahirisha. Hakuna anayejua tarehe yako isipokuwa wewe na orodha yako.

Hatua ya 5: Andaa ukurasa na video

Video iwe ya dakika mbili, tatu ikizidi sana. Sekunde 15 za mwanzo zionyeshe bidhaa ikitumika. Historia ya maisha yako isubiri. Onyesha uso wako, sema wewe ni nani, kwa nini unaiweza kazi hii, na hela zitakwenda wapi. Simu nzuri na mwanga wa dirishani vinatosha. Sauti ndiyo isiyosamehewa, kwa hiyo tafuta kipaza sauti.

Kwenye maandishi weka ratiba na mgawanyo wa hela kwa asilimia. Weka pia hatari: kiwanda kinaweza kuchelewa, malighafi inaweza kupanda bei. Wengine huogopa kwamba kutaja hatari kutawafukuza watu. Mchangiaji mzoefu huanza kusoma sehemu hiyo kwanza, na akiikuta tupu hufunga ukurasa.

Viwango vya zawadi viwe vichache: begi moja, mabegi mawili, na kiwango kidogo cha anayetaka kukuunga mkono tu. Kila rangi na kila ukubwa unaoongeza ni oda nyingine kiwandani. Fulana, vikombe na stika waachie wengine. Vina gharama zao za kutengeneza na kutuma, na hakuna aliyekuja kwa ajili yake.

Muda wa kampeni uwe siku 30. Kickstarter inaruhusu hadi 60, ila yenyewe hushauri 30 au pungufu. Kampeni ndefu inampa mtu nafasi ya kusema "nitarudi", na harudi.

Hatua ya 6: Fungua, kisha usilale

Asubuhi ya kufungua, wapigie wale 80 walioahidi. Usitegemee kwamba wanakumbuka. Saa chache baadaye tuma barua kwa orodha nzima. Matangazo ya kulipia yaache kwanza hadi ukurasa uwe na watu. Ukilipia tangazo linalomleta mgeni kwenye ukurasa wenye wachangiaji watatu, umelipa ili aone kwamba hakuna anayekuamini.

Katikati ya mwezi michango hupungua karibu kwa kila mtu, kisha hupanda tena siku za mwisho. Tumia kipindi hicho kutoa taarifa zenye kitu ndani yake: video ya begi likijaribiwa kwenye mvua, jibu la swali lililoulizwa mara nyingi, picha ya mshono uliobadilishwa kwa ushauri wa mchangiaji. Na washukuru watu kwa majina pale wanaporidhia. Mbinu hii ni ya zamani kuliko intaneti. Mwaka 1885, hela za kujenga msingi wa Sanamu ya Uhuru kule New York zilipokwama, Joseph Pulitzer aliwaomba wasomaji wa gazeti lake, New York World, akachapisha jina la kila aliyetoa, hata kama ni senti chache. Ilipatikana zaidi ya dola 100,000, sehemu kubwa kutoka kwa watu waliotoa chini ya dola moja.

Maswali yajibu siku hiyohiyo, ya kuudhi yakiwemo. Wanaosoma jibu ni wengi kuliko aliyeuliza.

Hatua ya 7: Baada ya kufunga, hela bado si zako

Ahadi ni deni, na sasa unadaiwa na mamia ya watu. Fungua akaunti ya pembeni kwa ajili ya hela hizi. Lipa kiwanda, weka kando ya usafirishaji, weka kando ya kodi. Usinunue gari wala kupanga ofisi.

Ratiba uliyoikadiria iongezee nusu yake. Utafiti wa Ethan Mollick uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu miradi ya Kickstarter ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 75 ya bidhaa zilichelewa. Saa ya Pebble, iliyochangisha zaidi ya dola milioni 10 mwaka 2012, ilipaswa kuanza kutumwa Septemba mwaka huo, ikaanza Januari 2013. Watu walisubiri, kwa sababu waliambiwa kinachoendelea. Toa taarifa kila wiki mbili, na ukiwa na habari mbaya itoe mapema zaidi.

Kufaulu kupita kiasi nako ni hatari. Coolest, boksi la kupozea vinywaji lililofungwa mashine ya kusaga barafu, lilitaka dola 50,000 mwaka 2014 likapata zaidi ya milioni 13. Lakini bei waliyotoza haikutosha kutengeneza na kutuma, na kadiri oda zilivyoongezeka ndivyo shimo lilivyopanuka. Kampuni ilifungwa mwaka 2019, watu wapatao 20,000 wakiwa hawajapata kitu. Hesabu ya begi moja ikikuonyesha hasara, mabegi elfu kumi hayataigeuza kuwa faida. Majukwaa mengi hukuruhusu kuweka kikomo cha idadi kwa kila zawadi, na kikomo hicho nashauri ukitumie.

Ukitaka kuuza hisa

Kutangaza kwenye ukurasa wako wa mtandao wa kijamii kwamba unauza hisa kwa yeyote ni kosa la kisheria katika nchi nyingi. Pitia jukwaa lenye leseni. Nchini Marekani kampuni inaweza kuchangisha hadi dola milioni 5 kwa miezi 12 kupitia jukwaa moja lililosajiliwa, na lazima iwasilishe taarifa zake kwa SEC, msimamizi wa masoko ya mitaji. Katika Umoja wa Ulaya kikomo ni euro milioni 5 kwa miezi 12. Mwekezaji anapewa waraka mfupi wa maelezo muhimu, na asiye mzoefu ana siku nne za kubadili mawazo.

Jambo la kuuliza mapema: wawekezaji 600 watakaa vipi kwenye daftari la wanahisa? Majukwaa mengi huweka msimamizi mmoja anayeshika hisa kwa niaba ya wote, ili usitafute sahihi 600 kila kunapotokea uamuzi. Kama jukwaa halina mpango huo, mwekezaji mkubwa atakayekuja baadaye atasita.

Na usidhani huku wageni huja wenyewe. Benki ya mtandaoni ya Monzo, ya Uingereza, ilichangisha pauni milioni 1 kwa sekunde 96 mwaka 2016. Ilikuwa tayari na watu waliojipanga foleni kusubiri kadi zake.

Mambo yanakoelekea

Mlango wa hisa unazidi kufunguka kwa watu wa kawaida. Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 2012, ikaanza kutumika mwaka 2016 kwa kikomo cha karibu dola milioni 1, kikapandishwa hadi milioni 5 mwaka 2021. Ulaya, tangu Novemba 2021, jukwaa lenye leseni ya nchi moja mwanachama linaweza kuhudumia nyingine zote. Mikopo ya mtu kwa mtu imekwenda njia tofauti: Zopa ya Uingereza, iliyoanzisha biashara hiyo mwaka 2005, iliifunga mwaka 2021 ikabaki benki.

Upande wa zawadi, kampeni inageuka kuwa duka la oda za mapema. Kickstarter sasa inawaruhusu wenye kampeni zilizofaulu kuendelea kupokea michango baada ya tarehe ya mwisho. Ni nafasi nzuri, ila funga idadi yako mapema, kiwanda hakisubiri. Na tangu Agosti 2023 inamtaka mwenye mradi aeleze kama ametumia akili bandia na kwa kiasi gani. Picha za kupendeza zimekuwa rahisi kutengeneza, kwa hiyo naona thamani ya video isiyopambwa, yenye mikono ikishona begi halisi, itaongezeka.

Yakikwama

*Siku ya tatu, umefika asilimia 5.* Rudi kwenye simu. Hesabu ni wangapi kati ya walioahidi wamelipa, uwafuate. Kama wote wameshalipa na bado ni asilimia 5, orodha ilikuwa ndogo. Ni bora kusitisha, ukusanye upya, kuliko kuburuta mwezi mzima.

*Watu wanafungua ukurasa lakini hawachangi.* Mara nyingi ni bei ya usafirishaji inayojitokeza mwishoni, au hawajaelewa wanapata nini. Mpe mtu asiyejua mradi wako asome mbele yako, umwombe akueleze anachonunua. Usimsaidie.

*Mtu anakuandikia kwamba ataleta wachangiaji kwa ada.* Barua hizi zitaanza kumiminika tangu siku ya kwanza. Puuza anayetaka malipo ya awali. Anayejiamini akubali kulipwa kwa mauzo yaliyothibitika.

*Malipo kadhaa yamekataliwa.* Kadi zimeisha muda au hazina hela. Jukwaa huwapa wachangiaji siku chache za kurekebisha. Waandikie wewe mwenyewe siku hiyo.

*Kiwanda kimepandisha bei.* Tumia ile akiba. Ikizidi, waambie wachangiaji ukweli na uwape chaguo la kusubiri, kupunguziwa kitu, au kurudishiwa hela. Usiwaongezee bei kimyakimya.

*Mchangiaji anadai hela yake.* Kama hujaagiza bidhaa, mrudishie yaishe. Kama umeshaagiza, mweleze ulipofika na umpe tarehe unayoweza kuitimiza. Usimfungie nje ya mazungumzo, atakwenda kulalamika mahali usipoweza kumjibu.

*Hukufikia lengo.* Coolest hilohilo lilianguka mara ya kwanza, mwishoni mwa mwaka 2013. Mwenye mradi aliboresha muundo, akapunguza lengo kutoka dola 125,000, akarudi Julai 2014, majira ya joto kule Marekani, watu wanapotaka vinywaji baridi. Waandikie wote waliochanga kwako ndani ya wiki moja, kabla hawajakusahau, uwaulize kitu kimoja: nini kiliwafanya wachange? Waliokwisha kutoa kadi zao ndio mwanzo wa orodha yako mpya.